Kesi ya Ukunda iliyofika mbali

Ukishuka feri ya Likoni ukapanda matatu ya kusini, utapita Ukunda, mlango wa Diani. Wengi twaujua mji huo kwa safari za ufuoni. Lakini je, wajua kwamba hapo ndipo ilipoanza kesi iliyomkinga kila Mkenya akiwa mikononi mwa polisi?

Mnamo Februari 2015, wanaume wawili walikamatwa katika baa moja huko wakishukiwa kuwa mashoga. Kwa amri ya hakimu wakapelekwa hospitali kuu mjini Mombasa, wakakaguliwa sehemu zao za siri na kutolewa damu, ili miili yao yenyewe igeuzwe shahidi dhidi yao.

Usiharakishe kusema haya yaliletwa na watalii. Mwaka 1987 mtafiti Gill Shepherd aliandika habari za mashoga na wasagaji miongoni mwa Waswahili wa Mombasa. Mahali pao pa kukutana hapakuwa baa. Palikuwa arusini, ambako mashoga walipiga ngoma na kuwachangamsha wanawake. (Na neno lenyewe "shoga", mama yako wa pwani hadi leo humwita hivyo rafiki yake wa kike bila kuwaza lolote!) Watu walijua, wakanyamaza, na arusi ikaendelea.

Turudi mahakamani. Wawili hao walishtaki, wakidai utu wao umevunjwa. Juni 2016 Jaji Mathew Emukule wa Mahakama Kuu, Mombasa, akawatupilia mbali, akisema walikubali ukaguzi huo. Hebu fikiri, msomaji: mtu aliye mahabusu na polisi wamemzunguka, akipewa fomu atie sahihi, atakataa vipi?

Swali hilo ndilo lililowapa ushindi. Tarehe 22 Machi 2018, majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, akiwamo Martha Koome ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu, waliamua kwamba ukaguzi wa aina hiyo wakiukatiba. Chama cha madaktari wa Kenya kilikuwa kimeshaulaani mwaka 2017.

Hata hivyo, kifungu 162 cha Kanuni ya Adhabu kingalipo, na adhabu yake ni hadi miaka 14 gerezani. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Halafu Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema mashoga na wasagaji wana haki ya kusajili chama chao. Kukutana ni halali, basi. Lakini wanaokutana Ukunda bado huchagua baa kwa kuangalia kwanza nani ameketi karibu na mlango.