CELICA: GARI LA MBINGUNI LILILOPIMWA KWA MATOPE YA AFRIKA

Kila dereva aliyewahi kupanda barabara kuu ya taifa nambari moja kutoka Bujumbura kwenda Bugarama anaijua shule ile. Mji umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, katika kimo kisichofika mita 800 juu ya usawa wa bahari. Baada ya kilomita thelathini na kitu za kona na miinuko, msafiri yuko juu ya mita 2,000. Baridi inampiga usoni na injini inahema. Akigeuza kurudi, zinazohema ni breki. Katika mlima kama ule gari haliwezi kusema uongo, na dereva pia hawezi. Askari aliyewahi kushika usukani wa lori la jeshi au wa gari la doria anafahamu tunachokisema.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tuwasimulie wasomaji wetu habari za gari moja la michezo ambalo katika miaka 36 ya uhai wake lilizaliwa upya mara sita, na ambalo jina lake lilipata kuandikwa kwa herufi kubwa hapa hapa Afrika Mashariki. Gari hilo ni Toyota Celica. Wengi wetu tunazifahamu Carina, zile zilizoletwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, zikapitia bandari ya Dar es Salaam hata zikafika kwetu na usukani wao wa upande wa kulia. Ni wachache wanaojua kwamba Carina ya kwanza na Celica ya kwanza zilitoka pamoja mwaka 1970 juu ya msingi mmoja. Carina ilipelekwa kubeba familia, Celica ikapelekwa kutafuta sifa.

CHANZO CHAKE NI MAREKANI

Ingawa gari hili ni la Kijapani, mawazo yaliyolizaa yalitoka Marekani. Mwezi wa Aprili 1964 kampuni ya Ford ilionyesha gari liitwalo Mustang. Mafundi wa Ford hawakuunda kila kitu upya. Walichukua sehemu za gari lao la kawaida, Falcon, wakazivika bodi ndefu mbele na fupi nyuma, kisha wakampa mnunuzi uhuru wa kuchagua injini aitakayo. Kijana wa mshahara wa kawaida akajiona amepata gari la kifahari. Katika miezi 12 ya kwanza ziliuzwa Mustang zaidi ya 400,000.

Majuma machache kabla ya Mustang kuonyeshwa, Wamarekani walikuwa wamekwisha kupata somo lao katika Afrika Mashariki. Wakati wa Pasaka ya mwaka huo huo wa 1964 Ford ya Marekani ilileta katika mashindano ya Safari kikosi cha magari ya Mercury Comet, yaliyochipuka katika shina lile lile la Falcon. Yalikuja na injini kubwa, na vipuri na mafundi tele. Lakini matope na mawe havikuitazama fahari ile. Comet nyingi zilibaki njiani, na ushindi ukachukuliwa na Peter Hughes, aliyeendesha Ford Cortina ndogo iliyotengenezwa Uingereza. Nguvu peke yake haikutosha. Neno hilo tuliweke akilini, maana litarudi.

VIZAZI SABA

Wajapani waliutazama ushindi wa Mustang sokoni kwa makini. Mwaka 1970 Toyota ikatoa Celica, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya "ya mbinguni". Hesabu ilikuwa ile ile ya Ford: msingi wa gari la kawaida, bodi ya kuvutia, na injini za kuchagua. Ile iliyoitwa GT ilikuwa na injini ya lita 1.6. Mwaka 1973 ikaongezwa bodi yenye mlango mkubwa wa nyuma, na mgongo wake na taa zake zilifanana na za Mustang kiasi kwamba watu hawakusita kuiita Mustang ya Japani.

Kizazi cha pili kilitoka mwaka 1977, na safari hii umbo lake lilichorwa Marekani kwenyewe, katika ofisi ya Toyota iitwayo Calty huko California. Kizazi cha tatu, chenye pembe kali, kilifuata mwaka 1981. Hadi hapo Celica zote zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya magari mengi ya zamani.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1985. Kizazi cha nne kiliacha desturi ile, kikavutwa na magurudumu ya mbele. Mwaka uliofuata ikatoka ile iliyoitwa GT-Four, iliyopeleka nguvu katika magurudumu yote manne na kuwa na tabo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini ili mafuta yaungue kwa nguvu zaidi. Kizazi cha tano kilitoka mwaka 1989 na cha sita mwaka 1993, vyote viwili vikiwa na ndugu yao GT-Four. Kizazi cha saba na cha mwisho, cha mwaka 1999, kilikuwa chepesi, chenye injini ya lita 1.8 na kuvutwa na magurudumu ya mbele tu. Wanunuzi wa magari ya aina hiyo walikuwa wamepungua duniani, na mwaka 2006 kiwanda kikaacha kuitengeneza.

MTIHANI WA AFRIKA MASHARIKI

Hiyo ndiyo nasaba yake, lakini nasaba haimfanyi mtu kuwa shujaa. Celica ilikuwa shujaa katika mashindano ya Safari.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 1973 yalihesabiwa katika ubingwa wa dunia. Katika miaka ya 1970 na 1980 madereva walikwenda maelfu ya kilomita kwa siku chache, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Mbele ya dereva aliyekuwa akikimbia usiku angeweza kutokea ng'ombe, basi la abiria, au mto ambao asubuhi ulikuwa mkavu. Vumbi lilikuwa zito hata gari la mbele halikuonekana, na mvua ya Pasaka ikinyesha, vumbi lile lile likageuka kuwa udongo wa kunasa magurudumu.

Toyota ilileta huko mwaka 1984 Celica ya kizazi cha tatu iliyoundwa na kikosi chake cha Ulaya, chenye makao mjini Köln, Ujerumani. Kiongozi wa kikosi hicho alikuwa Ove Andersson wa Sweden, na hakuwa mgeni wa barabara zile: mwaka 1975 aliishinda Safari yeye mwenyewe akiendesha Peugeot 504. Celica yake ilikuwa na tabo na nguvu za farasi zaidi ya 300, lakini bado ilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Wakati huo Audi walikuwa wamekwisha kuuonyesha ulimwengu faida ya kuvuta kwa magurudumu manne, na katika theluji na kokoto za Ulaya Celica ilionekana kuwa gari lililopitwa na wakati.

Barani Afrika mambo yalikuwa mengine. Gari lisilo na mitambo mingi lina vitu vichache vya kuvunjika, na likivunjika fundi hulitengeneza upesi. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Sweden akashinda, na Audi ya Hannu Mikkola ikafika ya tatu. Mwaka 1985 akashinda kijana wa Kifini, Juha Kankkunen, na ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kushindana katika Safari. Mwaka 1986 Waldegård akarudi kileleni. Katika miaka hiyo miwili ya mwisho nafasi ya pili pia ilichukuliwa na Celica.

Je, siri ilikuwa nini? Ndugu askari, siri hiyo mnaijua kwa jina lake la kijeshi: upelelezi, ugavi na mawasiliano. Kabla ya mashindano madereva walizipita njia kwa majuma kadhaa, wakiandika kila kona na kila kijito. Siku ya mbio, msaidizi aliyeketi kando ya dereva alimsomea maandishi hayo, na dereva alimwamini bila kugeuza shingo. Juu yao iliruka ndege iliyowaonya kwa redio kuhusu wanyama na malori, na mafundi waliwangoja mahali palipopangwa na springi, magurudumu na breki mpya. Mbele ya gari kulikuwa na vyuma vya kuikinga injini, na bomba la hewa lilipandishwa juu ili maji ya mto yasiingie.

Mwaka 1986 ulikuwa wa misiba. Watazamaji waliuawa huko Ureno, na mwezi wa Mei dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto wakafa katika kisiwa cha Corsica. Wakuu wa mchezo wakayapiga marufuku magari yale yenye nguvu za kupita kiasi, wakaagiza kwamba gari la mashindano litokane na gari ambalo kiwanda kimetengeneza angalau 5,000. GT-Four ikaingia uwanjani kwa sheria hiyo mpya. Waldegård aliishinda nayo Safari ya mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 46. Mwaka 1992 akashinda Carlos Sainz wa Hispania. Mwaka 1993 Kankkunen akashinda, na Celica zikazichukua nafasi zote nne za kwanza. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya akawapa wenyeji ushindi ambao hawakuuonja tangu Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliposhinda mara yake ya tano mwaka 1982. Mwaka 1995 ukawa wa Yoshio Fujimoto wa Japani. Jumla ni ushindi mara nane kwa gari la jina moja.

DOA KATIKA NGUO NYEUPE

Laiti tungeishia hapo, lakini mwandishi mwaminifu hafichi nusu ya habari. Katika mwaka huo huo wa 1995 wakuu wa mchezo waliamuru kila injini yenye tabo ivute hewa kupitia tundu lenye upana wa milimita 34, ili nguvu zisizidi mno. Mwezi wa Oktoba, katika mashindano ya Catalunya huko Hispania, wakaguzi walikigundua kitu katika Celica za kizazi cha sita. Kifaa cha tundu lile kilikuwa kimeundwa hivi kwamba kilipokazwa katika gari kilisogea kidogo, kikaacha upenyo wa siri ambao hewa ya ziada ilipita. Mkaguzi alipokifungua ili akipime, springi zilikirudisha mahali pake, na kila kitu kikaonekana halali. Max Mosley, rais wa shirika la magari la dunia, alikiri kwamba kwa muda mrefu hawakuwa wameona hila iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa namna ile.

Ustadi haukuwaokoa. Timu ilifungiwa kwa miezi 12, na pointi zote za mwaka huo zikafutwa, za timu na za madereva pia. Kankkunen, aliyekuwa akiwania ubingwa, akabaki mikono mitupu. Njia ya mwongo ni fupi, walinena wahenga. Toyota iliporudi uwanjani mwaka 1997 ilikuja na Corolla, na Celica haikupata tena nafasi ya kulisafisha jina lake katika ubingwa wa dunia.

Ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa gari lile lilikuwa limekwisha kuthibitisha kwamba linaweza kushinda kwa haki. Lilikuwa limeshinda kwa tabo na bila magurudumu manne, likashinda tena kwa magurudumu manne, katika mvua na katika vumbi. Milimita chache za hewa ziliharibu heshima iliyojengwa kwa miaka kumi.

LA KUKUMBUKA

Mashindano ya Safari yaliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudishwa mwaka 2021 katika eneo la Naivasha. Tangu mwaka huo hadi 2025 Toyota ilishinda kila mara, kwa gari dogo la Yaris. Celica haikuwapo tena, lakini elimu ya njia zile haikupotea.

Sisi tunaovaa sare tunalo la kuchukua hapa. Kila asubuhi dereva wa kikosi hufungua boneti, akapima mafuta na maji, akatazama magurudumu, kisha akatia sahihi katika daftari la gari. Yuko anayepima kweli, na yuko anayetia sahihi bila kufungua boneti. Karatasini watu hao wawili wanafanana, kama zilivyofanana mbele ya mkaguzi Celica halali na Celica ya hila. Atakayewatenganisha ni mteremko wa Bugarama, lori likiwa limejaa askari nyuma, na kona ya kwanza ikimtaka dereva akanyage breki.