Baba Akiacha Kuleta Matumizi, Mama Aanzie Wapi?

Wazee wetu walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kila mama anaujua ukweli wa maneno hayo, lakini anaujua zaidi yule ambaye mlezi mwenzake ameiacha kazi njiani. Pengine baba amehamia kwa mwanamke mwingine. Pengine amevuka bahari kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam na habari zake zimekatika. Pengine yupo nyumbani hapo hapo, analala na kuamka, ila mshahara wake hauonekani. Watoto nao hawangoji. Asubuhi wanataka uji, shule inataka sare, daladala inataka nauli. Mama anakopa dukani, anachoma maandazi alfajiri, na akiulizwa hali hujibu kwamba hajambo.

Mwezi huu tumeona tuzungumze na kina mama wa Unguja, wa Mji Mkongwe na Ng'ambo, wa mjini na shamba, juu ya jambo ambalo wengi wetu hulionea haya: kudai matunzo ya watoto.

Kudai matunzo si kudai talaka

Kwanza tuondoe hofu moja. Wako kina mama wa Kikristo wanaonyamaza miaka mingi kwa kudhani kwamba kwenda mbele ya sheria ni kuvunja ndoa. Mama alitoa ahadi yake kanisani, iwe Mkunazini au Minara Miwili, na hataki ahadi hiyo ivunjike kwa mkono wake. Heshima hiyo ni njema, wala hatuidharau. Lakini haya ni mambo mawili, na tusiyachanganye. Talaka ni habari ya mume na mke. Matunzo ni haki ya mtoto. Mama anaweza kuomba baba aamriwe kuwatunza watoto wake, na ndoa ikabaki ndoa. Tena mara nyingine baba akikumbushwa wajibu wake mapema, kabla deni na matusi havijarundikana, nyumba hupona.

Wala asije mtu akatuambia kwamba subira ya Kikristo ni kutazama watoto wakilala na njaa. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, hakumhesabu kuwa mwenye imani mtu anayewaacha wa nyumbani kwake bila matunzo.

Sheria ya visiwani na sheria ya bara

Jambo la pili ambalo huwachanganya wengi ni kwamba Tanzania ni nchi moja lakini sheria za familia si moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kina mama wengi waliotoka bara wameisikia, haitumiki Zanzibar. Vivyo hivyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni ya bara. Bara kwenyewe sheria hiyo ilikuwa ukombozi, maana kabla yake sheria ya zamani iliweka kiwango cha juu cha matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa kuwa shilingi 100 kwa mwezi, na ikabaki hivyo hata fedha hiyo ilipokuwa hainunui hata mkate.

Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Mtoto, kwa sheria hiyo, ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria inawataka wazazi wamlee na kumtunza, na ilianzisha Mahakama ya Watoto. Ni sheria iliyosifiwa hata nje ya nchi, kwani mwaka 2015 ilipewa tuzo ya dhahabu ya sera bora za kulinda haki za watoto. Lakini sifa hiyo haimfai mama asiyejua kwamba sheria yenyewe ipo.

Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi wa wakazi wa visiwa hivi, mambo ya ndoa, talaka, matumizi na malezi husikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Mahakama hizo ziliwekwa chini ya sheria ya mwaka 1985, na baadaye ikatungwa sheria mpya, Namba 9 ya mwaka 2017. Hiyo mpya inamwezesha kadhi kuangalia pia mali ambayo mume na mke wameichuma pamoja, pale mchango wa kila mmoja unapoonekana. Wakristo hawaendi kwa kadhi. Wao hupeleka madai yao katika mahakama za kawaida.

Tusidhani kwamba mwanamke kwenda mahakamani ni jambo geni Unguja. Mtafiti Mmarekani, Erin Stiles, alikaa na kufuatilia mashauri katika Mahakama ya Kadhi ya Mkokotoni, kaskazini mwa kisiwa, mwishoni mwa miaka ya 1990, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2009. Aliona kwamba waliofungua mashauri wengi walikuwa wanawake, na kilio chao kikubwa kilikuwa matumizi. Wanawake hao wa shamba waliitumia mahakama kama chombo chao. Nasi tusiiogope.

Yuko pia mama ambaye hakuolewa. Sheria ya mwaka 1985 ilimfanya msichana aliyepata mimba bila ndoa kuwa mtu wa kufungwa jela. Mwaka 2005 ilitungwa nyingine badala yake, ikaondoa kifungo hicho na kuweka adhabu ya kuitumikia jamii. Aibu ya zamani imewafanya wengi wasiende kuuliza lolote hadi leo. Tunamwambia dada huyo: mtoto wako ni mtoto kama wengine. Nenda ukaulize.

Hatua kwa hatua

Tumchukue mama wa mfano, mkazi wa Jang'ombe, mwenye watoto watatu, ambaye mumewe amekaa miezi mitano bila kuleta kitu. Afanye nini?

Aanze na daftari. Aandike kila siku anachotumia kwa ajili ya watoto: chakula, sabuni, dawa, nauli, sare, madaftari. Ni kweli kwamba elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar mwezi Septemba 1964, lakini mtoto haendi shule bila viatu. Katika ukurasa mwingine aandike kila kitu alichopokea kutoka kwa baba, pamoja na tarehe. Kama fedha ilitumwa kwa simu, asiufute ujumbe. Asizidishe wala kupunguza. Daftari la kweli lina nguvu mbele ya hakimu kuliko machozi.

Akusanye karatasi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, risiti za shule na hospitali, viwekwe katika mfuko mmoja mahali salama. Kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, aanze kukishughulikia sasa. Aandike pia baba anafanya kazi wapi na anaishi wapi, maana anayeamua kiasi cha matunzo hutazama pande mbili: mahitaji ya mtoto na uwezo wa baba. Mvuvi hawezi kudaiwa sawa na mwenye mshahara wa hoteli kubwa, lakini naye hawezi kusema hana kabisa wakati anauza samaki kila siku.

Awaone wazee, lakini kwa muda. Wazee wa pande mbili, padri au mchungaji, na kina mama wa jumuiya wanaweza kumwita baba na kusema naye. Hatua hii huokoa mengi. Ila iwekewe mwisho. Kikao kikiahirishwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mama ajue kwamba watoto hawali vikao.

Aende kwa sheha. Sheha ndiye mlango wa karibu wa serikali katika shehia. Humwita baba, husuluhisha, na asipofaulu huandika barua ya kumpeleka mama mbele. Barua hiyo itunzwe pamoja na zile karatasi nyingine.

Aende Ustawi wa Jamii. Maofisa wa ustawi huwakalisha wazazi na kuwasaidia kupatana kiasi cha fedha na siku ya kukileta. Mapatano hayo yaandikwe na kutiwa saini. Ahadi ya mdomo husahaulika kabla ya mwezi kuandama.

Ikishindikana, aende mahakamani. Hapa ndipo wengi hurudi nyuma kwa kusema hawana fedha za wakili. Msaada upo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho marehemu Profesa Haroub Othman alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, kimefanya kazi tangu mwaka 1992, na kimefundisha wasaidizi wa sheria wanaofanya kazi huko huko vijijini. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, ilianzishwa mwaka 2003, na kazi yake hasa ni wanawake na watoto. Zaidi ya hayo, Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya mwaka 2018 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo. Mama asiyejua kusoma aeleze kwa mdomo. Kumwandikia ni kazi yao.

Kama baba yuko bara, au ndoa ilifungwa bara, aliseme hilo tangu mwanzo, ili aelekezwe mapema ni mahakama ipi ya kwenda. Kina mama wengi wanaofanya kazi katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje wana hali hii, na wengine hupoteza miezi mingi wakigonga mlango usio wao.

Na baba akishaamriwa, kisha akalipa miezi miwili na kuacha, mama arudi pale pale palipotoa amri. Asikae akihesabu miaka.

Tuseme neno moja la tahadhari. Pakiwa na kipigo nyumbani, mama asianze na wazee. Aende polisi kwenye dawati la jinsia, au hospitali. Mnazi Mmoja kimekuwapo tangu mwaka 2011 kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo aliyedhulumiwa hupata daktari, ushauri na msaada wa polisi mahali pamoja.

Haki ya mtoto haiuzwi

Kuna jambo linalotusikitisha kuliko yote. Katika mazungumzo ya kuachana, mara nyingi mama huambiwa: usidai kitu, nasi tutakuacha uende kwa amani. Kwa ndugu zetu Waislamu kuna khului, ambapo mke hurudisha mahari au hutoa kitu ili aachwe. Hayo ni ya mke na mume, na kadhi ndiye mwenye kuyaamua. Lakini kwetu sote, Wakristo na Waislamu, wapo wanaochanganya na ya watoto humo humo. Mama aliyechoka hukubali, maana anataka kupumua. Mwaka unapita, mtoto anaugua, na mama anaposema na baba, hujibiwa kwamba walikwisha patana.

Mama mwenzetu, unaweza kusamehe kilicho chako. Unaweza kusamehe vyombo, kitanda na hata maneno uliyotukanwa. Chakula cha mtoto si chako wewe, basi usikisamehe kwa niaba yake. Ukiletewa karatasi ya kutia saini, usitie siku hiyo hiyo. Iombe, uende nayo kwa msaidizi wa sheria, akusomee neno kwa neno.

Kwa wale ambao waume zao wanaleta, tunawaomba wasifunge ukurasa huu kwa kusema hauwahusu. Katika nyumba zetu za Mji Mkongwe tunapanda ngazi moja na kuchota maji bomba moja, Mkristo na Muislamu. Unasikia mtoto wa jirani akilia, na unajua analilia nini. Sahani ya chakula ni msaada mwema, nasi tusiache kuitoa. Lakini uko msaada mwingine unaodumu zaidi: kumshika mkono jirani, kumwangalilia watoto siku anayokwenda kwa sheha, au kwenda naye na kukaa pembeni yake kwenye benchi akingoja kuitwa. Wengi hawakosi haki. Wanakosa mtu wa kwenda naye.