Athari za Ukarabati Usio wa Kitaalamu katika Upangaji wa Madaraja ya Vitabu vya Katuni Vilivyochakaa

Nchini Marekani, bei ya kitabu cha katuni cha zamani hutegemea kwa kiasi kikubwa daraja kinalopewa. Kampuni ya CGC, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2000, hutumia kipimo cha 0.5 hadi 10.0. Kitabu kilichochanika, chenye jalada lililobanduka au kurasa zilizomeguka, huwekwa karibu na mwanzo wa kipimo hicho. Mmiliki wake hushawishika kukitengeneza mwenyewe, akidhani kuwa kilichokwisha kuharibika hakina cha kupoteza. Makala haya yanaonesha kuwa dhana hiyo si sahihi. Nakala iliyochakaa ya Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962, ambamo Spider-Man alijitokeza kwa mara ya kwanza, bado huuzwa kwa maelfu ya dola.

Upangaji wa madaraja hujibu maswali mawili. Swali la kwanza linahusu hali: kitabu kimechakaa kiasi gani? La pili linahusu uasilia: je, kimeongezewa kitu ili kionekane bora kuliko kilivyo? Jibu la kwanza hutolewa kwa namba. La pili kwa rangi ya lebo. Lebo ya buluu hupewa kitabu kisichokarabatiwa, na ya zambarau kilichokarabatiwa. Katika lebo ya zambarau, ubora wa ukarabati huoneshwa kwa herufi A, B au C, na kiasi chake kwa namba 1 hadi 5. Gundi ya kawaida, kalamu ya wino mzito na karatasi nyeupe ya kujazia sehemu zilizomeguka huangukia herufi C, ambayo ni ya chini kabisa.

Hapo ndipo hasara inapojitokeza. Katika kitabu cha daraja la 9.0, mpasuko mmoja hushusha namba waziwazi. Katika kitabu cha 1.5, mpasuko huohuo hauna uzito mkubwa, kwani ni kasoro moja miongoni mwa nyingi. Kuuziba kwa gundi, au kufunika mikwaruzo kwa wino, hakuinui namba kwa kiasi cha maana, lakini huweza kukihamisha kitabu kutoka lebo ya buluu hadi ya zambarau, ambayo wanunuzi huilipia pungufu. Ni kweli kwamba CGC hujiachia hiari ya kusamehe rangi au gundi kidogo mno. Hata hivyo, mmiliki hana uhakika wa msamaha huo.

Mfano wa selotepu hufafanua zaidi mantiki hii. Ingawa huacha madoa ya manjano kwenye karatasi, selotepu huhesabiwa kuwa kasoro, si ukarabati. Kwa hiyo kitabu kilichobandikwa selotepu huweza kubaki na lebo ya buluu, ilhali kilichopakwa wino kwa ustadi mdogo huipoteza. Aidha, wino hupenya nyuzi za karatasi, na kuukwangua huondoa sehemu ya jalada lenyewe.

Kwa jumla, kadiri daraja la kitabu lilivyo chini, ndivyo faida ya ukarabati wa aina hii inavyopungua, huku hatari ya kupoteza lebo ikibaki palepale. Kitabu cha namna hiyo huhifadhiwa vyema zaidi kwa kuachwa kilivyo ndani ya mfuko safi wenye ubao wa kukitegemeza.