Wino wa Ziwa Tanganyika

Je, wajua kwamba msukosuko wa maji haupimwi kwa kutazama mawimbi, bali kwa kuandama athari iachwayo nao? Fundi wa kiwanda cha sabuni, atakaye kujua kama mapanga yazungukayo ndani ya tangi yachanganya sawasawa, humimina wino au chumvi mahali pamoja, kisha hungoja, saa mkononi, hata kila pembe ya tangi iwe na kiasi kimoja. Lakini ni wino gani utakaolitosha Ziwa Tanganyika, lenye urefu upatao kilomita 670 na kina cha mita 1470, ambalo mwiko wake ni upepo?

Jawabu ni joto. Mbele ya mji wa Uvira, ncha ya kaskazini ya ziwa, maji ya juu huwa na nyuzi 26 au 27, na ya kilindini 23 na ushei; tofauti hiyo, ambayo mkono wa mvuvi ungeitambua kwa shida, yatosha kuyaweka maji mepesi juu ya mazito yasichanganyike, hata oksijeni, upande huu wa kaskazini, ikatoweka karibu na kina cha mita 100.

Kipimajoto cha kupinduka, chombo cha kupimia joto la kilindini kilichotolewa London na kampuni ya Negretti na Zambra mwaka 1874, kwangu ni ajabu ya usanifu: bomba jembamba la kioo lenye zebaki na shingo iliyominywa, hushushwa kwa kamba na kuachwa kitambo kipate joto la mahali pale, kisha kipande cha chuma huteremshwa katika kamba ile ile, kikafyatua kizuizi, chombo kikageuka kichwa chini, na zebaki ikakatika shingoni, ikahifadhi habari ya kilindini mpaka juu.

Kituo cha Uvira cha IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, ambacho mrithi wake ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, kilipima joto, oksijeni na uangavu wa maji ya ghuba ya kaskazini, na matokeo yakachapwa mwaka 1958. Leo twafahamu kwamba toka Mei hata Septemba pepo za kusi husukuma maji ya moto kuja kwetu kaskazini, na mpaka kati ya maji ya moto na ya baridi ukazama. Na pepo zitulaipo, mpaka huo huyumba kama maji katika karai, mzunguko mmoja ukachukua yapata majuma matatu au manne, ilhali juu, katika bandari ya Kalundu hapo Uvira, maji yametulia kimya. Kuyumba huko ndiko kupandishako rutuba ilishayo vijimea, vijimea vikalisha wadudu wa majini, nao wakaliwa na samaki wadogo waitwao ndagala, na ndagala wakaliwa na samaki aitwaye mukeke.

Tafiti mbili za mwaka 2003 zilionyesha kuwa ziwa limezidi joto, tabaka la juu likazidi wepesi, na upepo ukashindwa kulikoroga kama zamani. Na mvuvi wa Uvira, awashaye taa yake usiku juu ya mpaka huo asiouona, hupungukiwa na ndagala.