Waislamu wawili wa Texas: walianguka, wakainuka

Jamaa zangu wa Houston huniuliza, kura moja ina faida gani? Mie huwatajia wawili hawa, wazaliwa wa Pakistan.

Salman Bhojani, wakili, aligombea udiwani mjini Euless, baina ya Dallas na Fort Worth, akaanguka; 2018 akapata. Daktari Suleman Lalani wa Sugar Land, jirani na Houston, alishindwa kwenye mchujo wa Democratic 2020.

Novemba 2022 wote wawili wakachaguliwa, Waislamu wa mwanzo katika Bunge la Texas. 2024 wakarudishwa, maana kiti chao ni cha miaka 2 tu.

Basi mlio na watoto kule wenye uraia, waambieni: kujiandikisha hufungwa siku 30 kabla ya kura.