Kwa Nini Dawa Moja Haimalizi Minyoo Wote

Leo tunazungumza juu ya minyoo.

Akina mama wengi hapa Kariobangi huuliza: "Sista, nilimpa mtoto dawa, mbona bado ana minyoo?" Sababu ni mbili. Kwanza, mtoto huambukizwa tena: anacheza kando ya mtaro wa maji taka, au anakula bila kunawa mikono. Pili, minyoo si wa aina moja, na kila dawa ina wale inaowaweza.

Albendazoli, ile tembe ya shuleni na kliniki, humnyima mnyoo nguvu mpaka afe. Inawaweza sana minyoo wakubwa wa mviringo. Lakini minyoo wembamba wenye umbo la mjeledi mara nyingi hubaki. Wakiwa wengi, mtoto huhara damu, hupungukiwa damu na hudumaa.

Ndiyo maana wataalamu wanalenga mishipa ya fahamu ya mnyoo. Yule mkubwa wa mviringo ana seli za fahamu kama 298 tu. Seli hizo hutumiana ujumbe, na baadhi ya wajumbe ni vipande vidogo vya protini viitwavyo peptidi. Mmoja humwambia mnyoo ajikunje, mwingine alegee. Ujumbe ukivurugika, mnyoo hupooza, hushindwa kujishikilia utumboni, na hutoka na choo. Baadhi ya peptidi hizo binadamu hana, kwa hiyo dawa inaweza kumpiga mnyoo na kumwacha mtoto salama.

Dawa za kuvuruga peptidi bado zinatafutwa. Lakini emodepsidi, dawa nyingine inayopoozesha minyoo, ilijaribiwa kwa watu wazima kisiwani Pemba. Matokeo ya 2023 yalionyesha kuwa dozi moja ya miligramu 5 iliponya minyoo mjeledi kwa watu 25 kati ya 30. Albendazoli iliponya 5 kati ya 30. Dawa hiyo ingali inachunguzwa; usiitafute dukani.

Kwa sasa, mama, fanya haya:

1. Mpe mtoto dawa ya minyoo kila miezi 6, kuanzia mwaka 1, kwa kipimo cha kliniki.
2. Akiendelea kuumwa tumbo, usimrudishie dozi mwenyewe. Peleka choo kikapimwe.
3. Akihara damu, mlete kliniki siku hiyo hiyo.
4. Nawa mikono kwa sabuni, osha mboga kwa maji safi, na mvalishe viatu.
5. Ukiwa mjamzito, usimeze dawa ya minyoo kabla ya kumwona muuguzi.

Hadi wakati mwingine, afya njema.