Mshale wa Munguli na Hesabu ya Risasi

Mwanamume wa Kihadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama mkoani Singida, akiingia porini hubeba upinde, mishale michache na kisu, basi. Upinde wenyewe si wa kuchezea. Kuuvuta mpaka mwisho kunataka nguvu ya kunyanyua mzigo wa kilo 30 hivi, na mgeni akipewa aujaribu mara nyingi huishia katikati. Lakini ukiupigia hesabu ya fizikia, mshale unaotoka hapo hauna makuu. Tuchukue mshale wa gramu 40 unaokwenda mita 45 kwa sekunde: nishati mwendo yake ni jouli 40. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 hurusha kichwa cha gramu 8 kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde, nayo hubeba jouli 490, yaani mara kumi na mbili ya mshale. Hata hivyo ni kwa mishale ya aina hiyo Wahadzabe wameangusha pofu, pundamilia na twiga tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika.

Kazi kubwa inafanywa na kile kilichopakwa nyuma ya ncha ya chuma. Chuma hicho ama ni msumari uliofuliwa, ama kimetoka kwa wahunzi wa Kidatoga kwa kubadilishana na asali au nyama. Sumu yake hutokana na Adenium, ule mti mfupi wenye shina nono na maua ya waridi ambao siku hizi watu wa mjini huupanda kwenye vyungu barazani, au na Strophanthus, mmea mwingine wa porini. Sumu za mimea hii miwili ni za ukoo mmoja. Zikifika kwenye moyo huzuia pampu ndogo zilizo katika utando wa kila seli, ambazo kazi yake ni kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu zikisimama, kalisi hurundikana ndani ya seli, moyo ukaanza kupiga ovyo, mwishowe ukashindwa kabisa. Mdenmaki Jens Skou alizitambua pampu hizo mwaka 1957 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, na uabaini, sumu ya ukoo huohuo iliyopakwa mishale ya Afrika Mashariki, imekuwa chombo cha kazi katika maabara za utafiti huo.

Miaka karibu mia moja kabla yake, John Kirk, daktari aliyekuja baadaye kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alikuwa katika msafara wa Livingstone mtoni Zambezi. Mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu ya mishale. Alipousugulia meno alisikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakabadilika. Kutokana na mmea wa sumu hiyo, Strophanthus, Thomas Fraser wa Edinburgh aliipatia tiba dawa ya moyo iitwayo strofanthini. Wawindaji wetu walikuwa wameijua nguvu hiyo muda mrefu kabla ya madaktari wa Ulaya, na nadhani hilo linastahili kufundishwa shuleni.

Sasa tazama anachofanya mwindaji baada ya kuachia mshale. Hamkimbilii mnyama. Anaangalia umeingia wapi, anasikiliza mnyama kakimbilia upande gani, kisha anasubiri. Mara nyingi hurudi kambini na kuwafuata wenzake, na ufuatiliaji wa nyayo na matone ya damu huanza saa kadhaa baadaye au hata kesho yake asubuhi. Pofu aliyepigwa barabara anaweza kwenda mbali sana kabla hajalala chini. Mshale umekwisha kumuua, lakini haujamsimamisha.

Kuua ni jambo moja na kusimamisha ni jingine. Mwindaji wa Munguli ana subira na ana siku nzima mbele yake. Mnunuzi wa dhahabu wa machimbo ya Sekenke aliyevamiwa usiku na watu wenye mapanga hana hata nusu dakika. Kwake yeye risasi itakayomuua mvamizi hospitalini baada ya saa mbili haimsaidii kitu. Anachohitaji ni kumzuia mtu asiendelee na anachofanya, sasa hivi, na akiacha bila kufa ni heri zaidi. Hapo ndipo watu wengi wanaofikiria kuomba leseni ya bastola hujiambia kwamba dawa ni risasi kubwa.

Risasi kubwa zipo, na hesabu zao zinavutia. .45 ya zamani, yenye kichwa kizito cha gramu 15 kinachokwenda polepole, ina jouli 480 hivi, karibu sawa na milimita 9. .357 Magnum, iliyotoka Marekani mwaka 1935, hukaribia jouli 700. .44 Magnum ya mwaka 1955 hufika jouli 1,300, na kwa mitutu mirefu huzidi hapo. Majina hayo yamekuzwa sana na sinema, ambako mtu akipigwa hunyanyuliwa juu na kutupwa ukutani.

Fizikia haikubaliani na sinema. Kinachomsukuma mtu ni zao la uzito na kasi, si nishati. Kichwa cha gramu 8 kwa mita 350 kwa sekunde, kikibaki chote ndani ya mwili wa mtu wa kilo 70, humpa mwendo wa sentimita 4 kwa sekunde. Ile .44 Magnum ya kutisha humpa sentimita 9. Hata mtoto anayejifunza kutambaa huipita kasi hiyo. Na lau risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha anayepigwa, ingemrusha vilevile anayepiga, kwa sababu msukumo wa mbele na wa nyuma ni sawa.

Kwa hiyo mtu aliyepigwa risasi ya bastola huanguka kwa sababu zipi? Kwa mwili wenyewe ni mbili tu. Ya kwanza ni kuharibiwa ubongo au sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na hapo kila kitu huzimika papo hapo. Ya pili ni kupoteza damu, na hii huchukua muda. Hata moyo ukipasuliwa kabisa, ubongo huwa umebaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa makusudi sekunde 10 hadi 15. Nje ya hayo mawili kuna hofu na maumivu, ambavyo humwangusha mtu mmoja aliyekwaruzwa tu na kumwacha mwingine akipigana na matundu matano mwilini. Hofu haina kipimo cha jouli.

Risasi ya bunduki kubwa, inayokwenda mita 700 kwa sekunde na zaidi, hupanua nyama kwa ghafla kando ya njia yake na kuzichana. Kasi ya bastola haitoshi kufanya hivyo. Nyama, mapafu na misuli hunyumbuka na kurudi mahali pake, na kidonda kinachobaki ni tundu lililopitwa na kichwa cha risasi. Tundu la .45 ni pana kuliko la milimita 9 kwa milimita mbili na nusu hivi. Faida hiyo ni ya kweli, ila ni ndogo mno kuweza kufidia risasi iliyokosa.

Jeshi la Marekani lilikutana na jambo hili mapema huko Ufilipino, ambako bastola zao za .38 zilishindwa kuwasimamisha wapiganaji wa Kimoro. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, waliwapiga risasi ng'ombe hai na maiti za watu ili kulinganisha aina mbalimbali. Wakapendekeza risasi isiyopungua .45. Hilo linakumbukwa na kila mpenzi wa silaha. Kinachosahaulika ni kwamba ripoti hiyohiyo ilisisitiza mafunzo makali ya shabaha, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa binadamu haina mahali ambapo risasi yoyote ya bastola itamzima mtu mara moja.

Somo lenyewe lilirudiwa tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami. Makachero wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili. Mmoja wa majambazi, Michael Platt, alipigwa mapema risasi ya milimita 9 iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kukoma sentimita chache kabla ya moyo. Jeraha lile lilikuwa la kifo. Lakini Platt aliendelea kupigana dakika kadhaa, na makachero Jerry Dove na Ben Grogan wakauawa. Baada ya hapo FBI walianza kupima risasi kwa vitalu vya jelatini ya asilimia 10, vinavyokaribiana na nyama kwa ugumu, na wakaweka kiwango: risasi izame angalau sentimita 30, isizidi 45. Isiyofika haivifikii viungo vya ndani ikiingilia ubavuni au ikianzia mkononi, na inayopitiliza itampata mtu aliye nyuma.

FBI wakachagua kwanza risasi yenye nguvu, ya milimita 10. Makachero wengi hawakuimudu. Ikapunguzwa makali, kisha mwaka 1990 ikazaliwa .40, fupi kidogo na tulivu kidogo. Nayo ikachosha mikono na kuchakaza bastola. Wakati huohuo watengenezaji waliboresha vichwa vinavyochanua vikiingia mwilini, aina ambayo Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani lakini polisi wa nchi nyingi huitumia, hata milimita 9 ikafikia kiwango chote cha jelatini. Kufikia mwaka 2016 FBI walikuwa wamerudi kwenye milimita 9. Walikuwa wameona kwamba watu wao, wake kwa waume, wanalenga vizuri zaidi na kwa haraka zaidi kwa risasi inayorusha mkono kidogo.

Mkononi ndipo ulipo mzizi wa jambo. Msukumo wa .44 Magnum ni zaidi ya mara mbili ya ule wa milimita 9. Mtutu huruka juu, kidole hujifunza kuogopa kifyatulio, na mara ya pili mpigaji huanza kuivuta bastola chini kabla haijalia. Hata askari waliofunzwa, katika mapambano ya kweli, hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Ukimpa mtu kama huyo kitu kinachomwogopesha, unamwongezea kukosa. Kuna sauti pia. Mlio wa bastola ndani ya chumba huzidi desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa mara moja, na zile za Magnum hupita zaidi.

Tena ile iliyokosa huenda mahali. Bati la geji 30, linaloezekea na hata kuzungushia vibanda vingi vya biashara, halizuii risasi yoyote ya bastola. Mlango wa mbao hauzuii. Kadiri risasi ilivyo na nguvu ndivyo inavyobaki na uwezo wa kuua ikishapita vizuizi hivyo, na katika makazi ya kubanana, kama ya wachimbaji wadogo, upande wa pili wa bati kuna familia imelala.

Sisemi risasi yenye nguvu haina mahali pake. Mahali pake ni kwa wanyama wakubwa. Askari wa wanyamapori wa Manyoni, kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, hawezi kumkabili nyati aliyejeruhiwa kwa kitu kidogo. Kuna mfupa mnene, ngozi nene na nyama nyingi kabla ya kufika panapouma. Risasi ya bunduki ya .458, yenye jouli zaidi ya 6,000, ilibuniwa kwa kazi hiyo. Lakini hata huko mahali pa kupiga panatangulia. W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, baada ya kupasua mafuvu na kujifunza njia ya kufikia ubongo. Yalikuwa maangamizi ya kusikitisha, na sayansi yake ni ya kweli. Leo vijiji vinavyopakana na mapori vinafukuza tembo kwa pilipili iliyochanganywa na oili chafu, mizinga ya nyuki na mabomu baridi ya kelele, na tembo wanageuka bila tone la damu.

Kwa mwananchi, sheria nayo inaegemea upande wa utulivu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni na mafunzo kabla ya kumiliki. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujitetea, ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mvamizi akigeuka kukimbia, hatari imekwisha, na risasi inayofuata ni kesi yako.

Ushauri wangu kwa anayeomba leseni Singida ni huu. Tia kwanza taa ya nje, komeo imara na mbwa, na uwe na namba za majirani na za kituo cha polisi. Ukiwa bado unaona unaihitaji bastola, chukua ya milimita 9, iweke ndani ya sanduku lenye kufuli ambalo mtoto hawezi kulifungua, na fedha ambayo ungenunulia Magnum ilipie mafunzo ya shabaha.